Tasbihi ya Kibuddha ya Punje 108: Mwongozo Kamili wa Kuitunga, Kuizungusha na Kuielewa

Wanaojaribu tasbihi ya Kibuddha hukwama palepale. Kuna anayeitunga ikaishia na punje 107. Kuna anayeikaza mpaka inasimama kama waya. Na kuna anayenunua nzuri kabisa, akaivaa shingoni majuma mawili, kisha ikaenda kulala kwenye droo kwa sababu hakuona maana yake.

Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Amesoma orodha ya maana, labda ameikariri, lakini maana za tasbihi hii hazikariki. Ziko vidoleni: kwenye nafasi unayoiacha katika uzi, kwenye punje usiyotakiwa kuivuka, kwenye makosa yaliyokwisha kutengewa fungu kabla hujayatenda. Kwa hiyo tutaitunga na kuizungusha, na kila maana tutaitaja pale kazi inapoihitaji.

Si lazima uwe Mbuddha. Mwislamu ana tasbihi yake ya punje 99 au 33, Mkatoliki ana rozari yake, na kuielewa ya jirani hakumnyang'anyi mtu ya kwake. Kinachotakiwa ni adabu: usiiweke sakafuni, usiivukie, usiifanye kichezeo.

## Vifaa

- Punje 108 za ukubwa mmoja. Milimita 8 zinamfaa anayeanza; ndogo zaidi humchosha kidole.
- Punje 3 za alama, za rangi au umbo tofauti na zile 108.
- Punje mama 1, kubwa kuliko zote, milimita 12 hivi, na kipunje kimoja cha umbo la pia, kile kichezeo cha kuzungusha, cha kuikalia.
- Uzi wa nailoni uliosokotwa, ule wa mafundi viatu au washona makochi, vipande 3 vya mita 1.5 kila kimoja. Chagua mwembamba kiasi kwamba vitatu kwa pamoja vinapita kwenye tundu.
- Sindano nyembamba ya kutungia shanga, au waya laini uliokunjwa katikati.
- Mkasi, kiberiti, gundi kidogo, selotepu.
- Taulo au trei yenye kingo. Usidharau hiki. Punje 108 kwenye meza tupu ni za kutafutwa chini ya kabati usiku kucha.

### Kuhusu punje zenyewe

Watibeti na Wanepali hupenda sana punje ziitwazo mbegu za bodhi. Usidhani zinatoka kwenye ule mti ambao Buddha alikaa chini yake. Matunda ya mti ule ni tini ndogo mno, hayana mbegu ya kutobolewa. Zile za thamani kubwa hutoka kwenye mti mwingine unaoota Nepali, eneo la Timal wilaya ya Kavrepalanchok, na kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo bei inavyopanda. Akikuuzia mtu "mbegu za bodhi" kwa bei ya karanga, chukua ukizipenda, ila ujue umenunua kitu kingine.

Mti wowote mgumu unafaa. Aliye Dar es Salaam anaweza kumwomba mchongaji wa Mwenge amchongee punje za mpingo. Ni nzito, hazipasuki ovyo, na zinang'aa zaidi kadiri unavyozishika. Msandali ni mwepesi kuliko mpingo na unanukia. Mbao na mbegu ni bora kuliko kioo kwa anayeanza, kwa kuwa haziponyoki zikikutana na jasho.

Onyo la kwanza. Usitumie zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi. Ni nzuri kwa macho na zimejaa kando ya njia, lakini ndani mna sumu kali sana iitwayo abrini. Ganda likiwa zima sumu haitoki kwa urahisi; ukilitoboa, umeifungulia mlango, na vumbi lake ni hatari. Nyumba yenye watoto ndiyo kabisa.

Onyo la pili. Usinunue punje za pembe za ndovu, hata ukiambiwa ni za zamani. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989. Isitoshe, kanuni ya kwanza ya Ubuddha ni kutoua, na tasbihi ya namna hiyo inaipinga kabla hujatamka neno.

## Hatua ya 1: Hesabu kwa mafungu manne ya 27

Usihesabu moja hadi 108 kwa mkupuo. Simu italia, mtoto ataita, na utarudi ukiwa huna hakika kama ilikuwa 63 au 64. Panga punje kwenye taulo safu 9 za punje 3, ambazo ni 27. Tengeneza mafungu manne ya namna hiyo. Kosa utaliona kwa jicho, kwa sababu safu yenye pengo haijifichi.

### Kwa nini 108?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtandao umejaa maneno. Utasoma habari za umbali wa jua, za namba za miujiza, za mawe ya kuponya figo. Achana nazo. Kuna hesabu moja inayotoka kwenye mafundisho ya Buddha yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, naye anaijenga kwa ngazi.

Anza na milango 6 ambayo dunia inatuingilia: jicho, sikio, pua, ulimi, mwili na akili. Kila mlango unaweza kuleta hisia ya namna 3: ya kupendeza, ya kuumiza, au isiyo hivi wala vile. Hizo ni 18. Kila moja ina pande 2: upande wa mtu anayeng'ang'ania kitu, na upande wa mtu aliyekiachilia kwa kuwa ameona kwamba kinapita. Hizo ni 36. Kisha nyakati 3: uliopita, uliopo, ujao. Hizo ni 108.

Kwa hesabu hii, punje hizo zinaorodhesha kila namna ambayo moyo wa binadamu unaweza kuguswa. Na orodha hiyo ina matumizi. Tuseme umekaa, unakumbuka maneno ya bosi aliyokutolea mbele za watu. Mlango: akili, maana sasa hivi hakuna anayesema, ni kumbukumbu. Hisia: inaumiza. Upande: unang'ang'ania. Wakati: uliopita. Maneno yale yaliyokuwa yamejaza chumba kizima sasa yana anwani. Ni punje moja, na pembeni yake ziko nyingine 107.

Jaribu na jambo tamu pia. Unawaza mshahara wa mwisho wa mwezi: akili, inapendeza, unang'ang'ania, wakati ujao. Sikwambii usiuwaze. Nakwambia ujue uko kwenye punje gani.

Japani wana njia yao ya kuihesabu namba hiyohiyo: usiku wa tarehe 31 Desemba kengele za mahekalu hupigwa mara 108, moja kwa kila tamaa na kero inayomsumbua mtu.

Utajua umefaulu ukiweza kuchukua jambo lolote linalokusumbua leo na kulipa anwani yake bila kurudi kusoma aya hizi.

## Hatua ya 2: Andaa uzi wa nyuzi tatu

Weka vile vipande vitatu pamoja, usawazishe ncha, kisha pakaza gundi sentimita 4 za mwisho na uzisokote kwa vidole mpaka ziwe ncha moja kama sindano. Acha zikauke kabisa. Upande wa pili bandika selotepu umbali wa sentimita 25 kutoka mwisho, ili punje zisitoroke.

Kwa nini tatu? Kwanza, mmoja ukilika miwili inabaki kuzuia punje mpaka utakapotengeneza. Pili, wapo wanaozisoma nyuzi hizo kuwa ni Buddha, mafundisho yake, na jumuiya ya wanaoyafuata. Vito vitatu ambavyo Mbuddha hukimbilia. Uzi hauonekani tasbihi ikishakamilika, lakini ndio unaobeba kila kitu.

Usitumie mpira wa lastiki. Tasbihi za dukani nyingi zina lastiki kwa sababu ni rahisi kuvaa, na ndiyo maana zinakatika ghafla. Usitumie mshipi wa kuvulia pia: mafundo yake hufunguka yenyewe, na ugumu wake huzifanya punje zisitulie mkononi.

## Hatua ya 3: Tunga, na uache nafasi

Tunga fungu la kwanza la 27, weka punje ya alama. Fungu la pili, alama. La tatu, alama. La nne, basi.

Hapa ndipo wengi hupotelea. Alama tatu hazimo katika zile 108. Ukizihesabu utapata 111 na kudhani umekosea, utatoa tatu, na sasa ndiyo umekosea kweli. Baadhi ya tasbihi huchanganya alama humohumo katika 108, na zikitungwa vizuri hazina ubaya, lakini unayeanza zitenge. Kazi yake ni kukwambia gizani, macho yamefumba, kwamba umefika robo, nusu, robo tatu. Kidole kikigusa alama kinapita bila kuhesabu.

Sasa nafasi. Kabla ya kufunga, sukuma punje zote upande mmoja. Kunatakiwa kubaki uzi mtupu wa upana wa punje tatu hivi, yaani sentimita 2 na nusu. Pungufu ya hapo punje hazitembei, na kila ukivuta moja unavuta na wenzake. Zaidi ya hapo uzi unaonekana, unasuguka na nguo, unalika.

Buddha aliwahi kumfundisha mwanafunzi wake Sona, mtu aliyejitesa kwa juhudi mpaka nyayo zake zikachubuka damu, akafika kutaka kuacha kila kitu. Sona alikuwa mpiga kinanda cha nyuzi kabla ya kuingia utawani. Buddha akamuuliza kama nyuzi zilizokazwa kupita kiasi zilikuwa zikilia vizuri. Hapana. Na zilizolegea? Hapana. Juhudi nayo ni hivyohivyo, akamwambia. Wewe unaipata habari hiyo kwa kidole: ukikaza kwa hofu ya kukatika, tasbihi haizunguki.

Utajua umefaulu ukiishika tasbihi kwa punje moja, ukaitikisa, na punje zikagongana kwa mlio mwepesi. Kama kimya, umekaza.

## Hatua ya 4: Funga punje mama

Toa selotepu. Pitisha ncha zote mbili ndani ya punje mama, kila moja ikitokea upande wake wa tasbihi, ziingie pamoja na kutokea chini. Zivute taratibu huku ukilinda ile nafasi. Kisha zipitishe zote ndani ya kipunje cha umbo la pia, ndipo ufunge fundo. Funga la pili juu yake. Tia tone la gundi, subiri, halafu kata masalia au uyaache yawe kishada. Ukikata, choma ncha kwa kiberiti kidogo tu. Nailoni inayoyeyuka ikikugusa ngozi inang'ang'ania na kuunguza.

Fundo likifungwa kabla ya kipunje cha pia, lote litaonekana na litafunguka kwa msuguano. Ni kosa la kila siku.

Kwa Watibeti punje mama ni hekima inayotambua kwamba hakuna kitu kinachosimama peke yake bila kutegemea vingine, na kile kipunje cha juu yake ni huko kutosimama peke yake kwenyewe. Wengine huiona punje mama kuwa ni mwalimu. Vyovyote, angalia ulichokifanya sasa hivi: nyuzi zote zimeishia hapo, na ukiitoa, zile 108 zinamwagika.

## Hatua ya 5: Shika na uvute

Kwa desturi ya Kitibeti tasbihi hushikwa mkono wa kushoto. Ining'inize juu ya kidole cha shahada, kiganja kikielekea kwako, mkono karibu na kifua au pajani. Anza na punje inayopakana na punje mama. Sema maneno yako, au vuta pumzi na kuitoa, ndipo kidole gumba kivute punje kuja kwako. Neno kwanza, punje baadaye. Ukivuta kabla ya kumaliza neno, mkono utakuwa unakimbia na mdomo unaukimbiza.

Maneno gani? Tibeti husemwa zaidi Om Mani Padme Hum, mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ya Avalokiteshvara, kielelezo cha huruma. Wachina husema Namo Amituofo, Wajapani Namu Amida Butsu, na wote wanalitaja jina la Buddha Amida. Burma wapo wanaohesabu sifa tisa za Buddha, na 9 huingia mara 12 kamili katika 108. Wapo pia wanaohesabu anicca, dukkha, anatta: hakuna kinachodumu, hakuna kinachoridhisha mpaka mwisho, hakuna kilicho "mimi" ndani yake.

Asiye Mbuddha atumie pumzi tu, punje moja pumzi moja. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 8 hadi 11. Ukimaliza kwa dakika 3, ulikuwa unahesabu shanga.

Anayetaka kumwona mtu uso kwa uso, Dar es Salaam lipo hekalu la Upanga lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka, na Uganda kipo Kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Wote hufuata njia ya Theravada, tawi la Ubuddha la Sri Lanka na Burma, ambako tasbihi haina uzito kama wa Tibeti au Japani. Usishangae wakikurudisha kwenye pumzi.

## Hatua ya 6: Geuka kwenye punje mama, usiivuke

Punje mama haihesabiwi na haivukwi. Ukiifikia unageuza tasbihi, na ile punje ya 108 inakuwa ya kwanza ya mzunguko mpya.

Namna ya kugeuza kwa mkono mmoja:

1. Bana punje ya 108 kati ya kidole gumba na cha kati.
2. Chomoa kidole cha shahada.
3. Geuza kiganja nusu duara, ili upande uliokwisha kuupitia uje mbele.
4. Ingiza tena kidole cha shahada kutoka upande wa pili.

Siku za mwanzo itakuponyoka. Saidia kwa mkono wa kulia bila aibu yoyote.

Kumvuka mwalimu ni kumdharau, ndivyo wengi watakavyokwambia, na ni sababu tosha. Mimi naiona na faida nyingine. Mtu anayezunguka bila kugeuka hulala macho wazi. Kule kusimama, kubana, kugeuza, kunamwamsha na kumuuliza: zile 108 ulikuwepo? Njia ya kurudi ni ileile, punje ni zilezile, ila sasa unazikuta kwa mpangilio wa kinyume.

## Hatua ya 7: Kuhesabu mizunguko, na fungu la makosa

Hiki ndicho kipengele nikipendacho. Mtibeti akimaliza punje 108 hujihesabia 100 tu. Nane zinazobaki ni za kufidia makosa: neno lililorukwa, punje mbili zilizovutwa pamoja, akili iliyokwenda sokoni. Hajiulizi kama atakosea. Ameshatenga fungu.

Kwa hiyo ukipotea katikati ya mzunguko usianze upya. Endelea na punje iliyo mkononi. Anayeanza upya kila akipotea hafiki, na baada ya siku chache anaiacha kabisa.

Kwa hesabu ndefu wanafunga vikamba viwili pembeni, kila kimoja na vipete 10. Kimoja huishia na kijifimbo kiitwacho vajra, kingine na kengele ndogo. Kila mzunguko unasogeza kipete kimoja cha kamba ya kwanza. Vyote 10 vikisogea ni 1,000. Unavirudisha na kusogeza kimoja cha kamba ya pili. Kamba ya pili ikijaa ni 10,000. Wanaofanya mazoezi ya maandalizi ya Kitibeti huifikisha mantra 100,000, yaani kuijaza kamba ya pili mara kumi.

Namba hizo zisikutishe wala zisikulevye. Kuna Wabuddha wa Japani, wafuasi wa Jodo Shinshu, ambao hushika tasbihi na hawahesabu kabisa. Kwao jina la Buddha Amida hutamkwa kwa shukrani, si kwa kukusanya thawabu, na shukrani haina idadi. Kama umeanza kujivunia mizunguko yako, kaa siku chache na njia yao.

Utajua umefaulu siku utakayopotea, ukaendelea, ukafika kwenye punje mama bila hasira.

## Hatua ya 8: Utunzaji, na ikikatika

Ivue unapooga, maji na sabuni hupasua mbegu. Jasho la mkono halina neno. Ifute kwa kitambaa kikavu na uiweke kwenye kifuko, mahali pa juu. Ikiwa ni ya mbegu au mbao, tone dogo la mafuta kwenye kitambaa linatosha mara chache kwa mwaka. Kila mara kagua uzi karibu na punje mama, maana hapo ndipo huanza kulika.

Itakatika tu. Baadhi ya watu hushtuka na kusema ni mkosi. Kwa mafundisho yenyewe, kitu kilichotungwa kimetunguka, basi. Zuia wanafamilia wasitembee, tandika kitambaa, okota, kisha panga tena safu 9 za tatu, mafungu manne. Ikipungua moja usihangaike kutafuta pacha wake: weka punje yoyote inayoingia uzi. Nyuzi zibadilishe zote tatu, si ule uliokatika peke yake, kwa kuwa miwili iliyobaki imezeeka sawasawa na mwenzao.